Sikiliza besi, mayu

Nimeimba sauti ya pili tangu nikiwa kidato cha pili. Anayeijua kwaya anajua maana yake. Sauti ya kwanza ndio wenye wimbo. Waumini wakitoka kanisani wanaondoka na wa kwao mdomoni. Besi hata asiyejua nota anawasikia kifuani. Sauti ya tatu wana kupanda kwao kunakofanya watu wageuke. Sisi tunapewa so, so, so, la, so, kisha tunasubiri wenzetu wamalize. Zipo nyimbo nilizoziimba miaka ishirini, lakini nikikuimbia sauti yangu peke yake hutatambua ni wimbo gani.

Kwa hiyo sijaisahau ile jioni ya Kwaresima mwalimu wetu wa kwaya alipokuja na fotokopi ya ukurasa mmoja, nota za do-re-mi alizozinakili kwa mkono wake. Akasema ni korale, yaani wimbo wa kanisa wa sauti nne, ya Bach, mtunzi Mjerumani, ule wimbo wa kichwa kilichovikwa taji la miiba. Tukafundishwa sauti moja moja kama kawaida. Ilipofika zamu yetu nikaona nota zangu hazikai mahali pamoja. Zinashuka, zinageuka, zinawapisha sauti ya tatu, zinarudi juu kwa njia nyingine. Nilitembea kutoka mazoezini hadi nyumbani Kitangiri, hapa Mwanza, nikiimba sauti ya pili peke yake, na ilinitosha. Ulikuwa wimbo kamili.

Baadaye nilisoma kwamba hata wimbo wenyewe si wa Bach. Hans Leo Hassler aliutunga kama wimbo wa mapenzi, ukachapishwa mwaka 1601, kanisa likauchukua. Bach akauweka mara tano ndani ya Mateso ya Yesu kadiri ya Mathayo, kazi yake kubwa iliyosikika Leipzig mwaka 1727. Sauti ya kwanza inabaki ile ile, na karibu kila unaporudi yeye amezipanga upya sauti za chini, na maana inabadilika. Kwa mtu wa sauti ya pili hiyo ni habari kubwa sana. Nilitaka kila ninayemfahamu aisikie.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu kupenda muziki ni jambo moja na kumpa mwenzako ni jambo lingine kabisa.

Tulianza watu watano barazani kwangu, Jumapili jioni jua linapopungua makali. Nyumba yetu iko chini ya mawe makubwa, na ziwa linaonekana kati ya mapaa ya mabati. Upepo ukitoka upande wa Mwaloni, kwenye soko la samaki, unakuja na harufu ya dagaa wanaokaushwa. Alikuwepo mzee mmoja wa kanisa la AIC, mstaafu wa reli, besi wa miaka mingi, ambaye huniita mayu kama Wasukuma wanavyomwita mama. Alikuwepo rafiki yangu muuguzi. Alikuwepo kijana anayepiga kinanda parokiani kwetu. Na alikuwepo jirani yangu, fundi wa injini za mitumbwi, Mwislamu mwenyeji wa Tanga, ambaye siku ya kwanza alikuja kwa sababu ya kahawa na heshima ya ujirani.

Siku hiyo ya kwanza niliwawekea Simfoni ya Tisa ya Beethoven, yote, zaidi ya saa nzima. Kabla ya kubonyeza nilizungumza karibu nusu saa. Niliwaambia alizaliwa Bonn mwaka 1770, kwamba simfoni hii ilipopigwa mara ya kwanza Vienna tarehe 7 Mei 1824 alikuwa kiziwi, na kwamba inasimuliwa mwimbaji mmoja wa sauti ya pili, Caroline Unger, ndiye aliyemshika na kumgeuza awaone watu wakimpigia makofi aliyokuwa hayasikii. Kisa hicho nakipenda mno. Lakini kwaya huingia sehemu ya nne, ya mwisho, na ilipoingia muuguzi alikuwa amelala, maana alitoka zamu ya usiku; fundi alikuwa ameaga kwenda kuswali Magharibi na hakurudi; kijana alikuwa kwenye simu. Mzee peke yake alikuwa amekaa wima, na nadhani alifanya hivyo kwa adabu.

Niliumia. Nilijiambia watu hawataki vitu vizito, na wiki mbili sikumwalika mtu. Mzee ndiye aliyekuja mwenyewe, akaketi kwenye kiti kile kile, akasema, "Mayu, mgeni hapewi sufuria. Anapakuliwa."

Sikumjibu kitu, lakini nilikaa na neno lake. Nilikuwa nimewaandalia mtihani, na majibu nimeyatoa mwenyewe kabla hawajaona swali. Nani angesikia nini baada ya hapo?

Tukaanza upya. Kila mtu alete kitu kimoja, kisichozidi dakika kumi. Hakuna kutaja mtunzi wala jina la kazi kabla. Tunasikiliza, kila mmoja anasema alichosikia, kisha tunasikiliza tena. Ule usikilizaji wa pili ndio wenye mali. Mara ya kwanza sikio linatafuta pa kushika. Mara ya pili limeshashika na linaanza kuona vingine. Simjui mtu aliyewahi kuupenda muziki wa namna hii kwa kuusikia mara moja, na nadhani wengi wanaosema haufai waliupitia mara moja tu, kwa spika mbovu, huku wanafanya kitu kingine.

Nilifungua na Ave verum corpus ya Mozart. Ni dakika tatu hivi, baa 46 (vile vipimo nota zinamogawanywa), haina sauti ya kujionyesha hata moja. Ndiyo ninayompa mtu yeyote anayeanza. Aliitunga Juni 1791, miezi michache kabla ya kufa, kwa ajili ya rafiki yake Anton Stoll, mwalimu wa shule aliyefundisha kwaya katika mji mdogo wa Baden. Fikiria hilo: mtunzi mkubwa kuliko wote wa zama zake anakaa chini kuandikia kwaya ya mtaani, waimbaji wa kawaida kama sisi, na hashushi kiwango hata kidogo. Mwalimu wetu wa kwaya nilipomsimulia alinyamaza muda mrefu.

Muuguzi naye alileta Haleluya ya Handel, ambayo hapa Mwanza nani asiyeijua? Tumeiimba Pasaka na Pasaka. Lakini akauliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: baada ya Haleluya, kinafuata nini? Tukatafuta. Sehemu ya tatu ya Messiah, kazi kubwa ambamo Haleluya imetoka, inafunguka na mwanamke mmoja akiimba maneno ya Ayubu, kwamba anajua Mteteaji wake yu hai, taratibu, karibu bila ala. Baada ya kelele zote zile za ushindi, mtu mmoja anasema kwa utulivu kwamba anaamini. Muuguzi aliomba irudiwe mara tatu. Nilipowaambia kwamba Messiah iliposikika mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, sehemu ya mapato ililipa madeni ya wafungwa 142 wakaachiwa huru, alisema, "Basi walianza kuiimba kabla hawajaiimba." Sijapata maneno mazuri kuliko hayo.

Fundi alirudi jioni ya tatu au ya nne. Niliweka utangulizi wa Sweti ya Kwanza ya Bach, mfululizo wa vipande vya selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito; selo moja tupu. Hazikupita sekunde kumi akainua mkono.

"Dada, hii si selo? Hii taarabu wanayo."

Akatueleza kuhusu taarabu za pwani alizokulia nazo, fidla zinavyobeba wimbo na selo inavyokwenda chini yake, udi na kanuni, zile ala za nyuzi, zikijaza katikati. Tukasikiliza mara ya pili. Alifumba macho, na mwisho akasema, "Huyu anapiga peke yake, lakini anajijibu." Nimesoma kurasa nyingi juu ya sweti zile. Zote zinajaribu kusema jambo hilo hilo, kwamba Bach aliandika mstari mmoja na sikio linasikia watu wawili, watatu. Fundi alilisema kwa maneno sita na hakuwa amesoma ukurasa hata mmoja.

Baada ya hapo ndipo nilipomsimulia habari ya safari. Bach akiwa na miaka 20, mpiga ogani wa kanisa huko Arnstadt, aliomba ruhusa ya wiki nne mwishoni mwa 1705 akaenda Lübeck kumsikiliza mpiga ogani mzee Buxtehude. Alikwenda kwa mguu.

"Kilomita ngapi?"

"Kama mia nne. Kutoka hapa mpaka Bukoba kwa barabara, ukizunguka na Geita na Biharamulo."

"Na akarudi baada ya wiki nne?"

"Miezi kama minne. Wakubwa wake walimfokea."

Fundi alicheka kwa furaha, kisha akasema kwamba yeye alitoka Tanga kuja Mwanza akiwa na umri huo huo, kwa sababu aliambiwa kuna fundi mmoja ziwani anayeijua injini ya Yamaha kwa kuisikiliza tu. Alikuja kukaa mwezi mmoja. Tangu hapo Bach ni mtu wake, na akimtaja humwita "yule mwenzangu."

Kijana wa kinanda ndiye aliyenifundisha kwa njia ngumu zaidi. Siku moja aliuliza, "Mama, hawa wote ni Wazungu?" Nikamjibu kwamba muziki hauna rangi. Aliitikia "sawa" ile ya mtoto aliyenyimwa jibu, na jioni nzima hakusema tena. Alikuwa na haki. Swali lake lilikuwa la kweli, nami nilimpa maneno ya kulifunika.

Nilitafuta. Wiki iliyofuata nilimwekea Joseph Bologne, Chevalier de Saint-Georges, aliyezaliwa Guadeloupe mwaka 1745, mama yake mtumwa mwenye asili ya Afrika. Akawa mpiga fidla na kiongozi wa okestra jijini Paris, na okestra aliyoiongoza ndiyo iliyopiga simfoni sita za Haydn zinazoitwa za Paris. Nilimwekea Samuel Coleridge-Taylor, aliyezaliwa London mwaka 1875, baba yake daktari kutoka Sierra Leone. Kijana alisikiliza kwa makini. Lakini kilichomwinua kitini kilikuwa karibu zaidi. Nilimuuliza: wimbo wetu wa taifa umetoka wapi? Akasema Afrika Kusini. Kweli: tuni yake aliitunga Enoch Sontonga mwaka 1897, mwalimu wa shule na wa kwaya huko Johannesburg. Na Sontonga aliandika kwa nota gani? Hizi hizi tunazofotokopi sisi, do-re-mi zilizoenezwa na John Curwen wa Uingereza na kubebwa na wamisionari hadi kwenye madaftari ya shule. Kijana alifungua daftari lake la nyimbo, akalitazama kama analiona kwa mara ya kwanza. Sasa anapiga "Deep River" kama Coleridge-Taylor alivyoipangia piano mwaka 1905. Kinanda chake kina vitufe 61, piano ina 88, hivyo nota za chini kabisa hana. Anazihamishia juu, na anajua kila moja aliyoihamisha. Namsubiri siku atakapokaa mbele ya piano kamili.

Nakuja sasa kwenye jambo lililonifanya niandike.

Ilikuwa Mei na zamu ilikuwa yangu. Nilichagua Lacrimosa ya Mozart, kutoka Misa yake ya wafu, kwa sababu naipenda na kwa sababu ni fupi. Sikufikiri zaidi ya hapo. Fidla zikaanza kile kilio chao cha kukatika-katika, kwaya ikaingia, ikaanza kupanda ngazi moja moja.

"Zima, mayu."

Mzee hakupaza sauti. Nilizima. Alikuwa anatazama ziwa. Kisha akatueleza, sisi tuliokaa naye Jumapili zote zile bila kujua, kwamba mdogo wake alikuwa ndani ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Meli ilikuwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Mamia walikufa. Mdogo wake hakupatikana. Kila mwaka mzee huenda makaburini Igoma, anasimama na wenzake, anaomba, lakini hajui kama mdogo wake yuko pale chini ya udongo au bado yumo majini. "Sauti hizo zinapanda," alisema, "na yeye alishuka."

Nilikuwa na maneno tayari kinywani. Nilitaka kusema kwamba Mozart mwenyewe alikuwa anakufa alipoandika kipande kile, kwamba aliandika baa nane tu za Lacrimosa akaishia hapo, kwamba mwanafunzi wake Süssmayr ndiye aliyeimalizia. Ni habari za kweli na zote nilizijua kwa moyo. Namshukuru Mungu nilizimeza. Fundi alisema, "Pole sana, mzee wangu," akasogeza kiti karibu naye. Muuguzi akaingia ndani kuchemsha chai. Usiku huo haukuwa na mwezi, na mitumbwi ya dagaa ilipowasha taa ziwa lilikuwa kama mji. Tulikaa hadi saa tatu bila muziki wowote.

Nilichukua muda mrefu kulielewa kosa langu. Sikujilaumu kwa kuchagua wimbo wa huzuni; mzee ameimba misibani maisha yake yote. Nilijilaumu kwa kudhani kwamba kitu nikipendacho kinafika kwa mwenzangu kikiwa kile kile kilichotoka kwangu. Kinapita kwanza kwenye maisha yake. Na kanuni yetu ya kutosema lolote kabla, niliyoiona nzuri kuliko zote, siku ile ilimkuta mtu hana ngao.

Wiki kadhaa baadaye nilikumbuka Brahms. Alitunga Rekwiemu yake ya Kijerumani, muziki wa kuwakumbuka wafu, baada ya mama yake kufa mwaka 1865, na ilisikika katika kanisa kuu la Bremen siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili 1868. Hakutumia Kilatini cha Misa. Alichagua mwenyewe mistari ya Biblia ya Luther, na hakuanza kwa kuwaombea waliokufa. Alianza na waliobaki: heri wenye huzuni, maana hao watafarijika.

Sikuipeleka barazani. Nilikwenda nyumbani kwa mzee, peke yangu, na spika yangu ndogo mfukoni. Nikamwamkia, nikamwambia waziwazi ni nini, kimeandikwa na nani na kwa ajili ya nani, na kwamba akisema hapana narudi zangu. Alimwita mkewe aje akae naye. Akasema, "Weka."

Ile sehemu ya kwanza inaanzia chini kabisa. Fidla hazipo, Brahms alizinyamazisha sehemu nzima. Kuna selo, na besi kubwa chini yao wanarudia nota moja, moja, moja, kama mtu anayetembea taratibu gizani. Nimeisikiliza kazi hii miaka na miaka, na siku zote nilikuwa nawasubiri wa kwangu, sauti ya pili, waingie. Mzee alikuwa anagonga mkono wa kiti kwa kidole, polepole.

"Sikiliza besi, mayu. Wa juu wanabadilika. Huyu habadiliki."

Nikasikiliza. Ilikuwa kweli. Juu yake kila kitu kinahama, kinauma, kinatafuta pa kutulia, na yeye yuko pale pale.

"Huyu hasemi kitu," mzee alisema. "Amekuja kukaa tu. Kama watu wa matanga."

Mkewe hakusema neno. Wimbo ulipokwisha aliomba urudiwe, na mzee akainamisha kichwa mara ya pili yote.

Hakuna kitabu kilichonieleza Brahms hivyo. Wala nisingeweza kumweleza mimi, maana sijawahi kukaa na jambo lile kwa miaka kama alivyokaa yeye. Nilikwenda kwa mzee nikiwa nimebeba zawadi, na nilipotoka nilikuwa nimeibeba nyingine.

Kuna hadithi nilimsimulia siku hiyo, akiwa ananisindikiza hadi njia panda. Mateso ya Mathayo ya Bach yalinyamaza karibu miaka themanini baada ya kifo chake mwaka 1750. Nakala zilikuwepo, lakini karibu hakuna aliyeyaimba hadharani. Kisha bibi mmoja wa Berlin, Bella Salomon, akampa mjukuu wake nakala iliyonakiliwa kwa mkono. Mjukuu ni Felix Mendelssohn. Mwaka 1829, akiwa na miaka 20, aliyafundisha kwa kwaya na kuyaongoza mbele ya watu, na tangu hapo Bach hakunyamaza tena. Mzee aliuliza kama yule bibi alijua kusoma nota. Nikamwambia sijui, ila alijua wa kumpa.

Mwalimu wetu wa kwaya amekubali tujifunze ile sehemu ya kwanza ya Brahms, kwa maneno ya Kiswahili kutoka Mathayo. Ananakili nota usiku, kurasa mbili mbili, kwa mkono ule ule. Mzee ana kanisa lake na kwaya yake, lakini Alhamisi anakuja kwetu, anakaa nyuma na besi, na hakuna aliyemuuliza amefuata nini. Fundi hushuka jioni akitoka mwaloni, mikono bado ina mafuta, anasimama mlangoni kusikiliza. Selo hatuna. Kijana ameweka sauti ya chini ya kinanda chake na anabonyeza nota ile moja, moja, moja, akimtazama mzee amwambie kama ni polepole vya kutosha.

Alhamisi iliyopita tulifika mahali kwaya inapoingia bila ala. Kijana aliinua vidole, chumba kikawa kimya, na mgongoni kwangu nilisikia mzee akivuta pumzi.